Nani kasema msomi hafui chuma?

Jamani, kuna duka moja hapa Dar limeniharibia kamusi. Ni ya marehemu baba, ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, toleo la 1981. Mgongo wake ulikuwa umeachia, nikaipeleka ikajalidiwe. Wakaipaka gundi, wakaiingiza kwenye mashine ya kukatia karatasi, na maneno aliyoandika baba kwa penseli pembeni mwa kurasa yakaondoka na vipande. "Ilikuwa haijanyooka, kaka." Ndiyo jibu nililopewa.

Nikaapa kujalidi mwenyewe. Tatizo likawa kisu. Ngozi ya jalada lazima uipare kingo zake mpaka ziwe nyembamba kama karatasi, la sivyo ukiikunja inavimba. Kazi hiyo inataka kisu kilicho bapa kabisa upande mmoja na kilichonolewa upande wa pili tu. Cha jikoni kimenolewa pande zote mbili, kinazama na kutoboa ngozi. Kuagiza Ulaya? Kwa mshahara huu wa gazetini?

Basi nikachukua tupa kuukuu. Tupa ina kaboni nyingi, ndiyo maana inashika makali. Unaichoma kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, unaifukia kwenye majivu ipoe taratibu usiku kucha, na asubuhi inakubali kuchongwa. Ukishaipa umbo unaichoma tena mpaka sumaku ikatae kunasa, kisha unaizamisha kwenye mafuta ya kula. Kisu cha kwanza nilikizamisha kwenye maji. Kikalia ta! Ufa. Chuma kikitoka kwenye mafuta kinakuwa kigumu lakini hakina uvumilivu, kwa hiyo unakipasha tena kwenye oveni, nyuzi 200 kwa saa moja hivi, mpaka kiwe na rangi ya nyasi kavu. Cha pili niliona uvivu kukipasha, makali yakamomonyoka kama biskuti. Cha tatu ndicho ninachotumia.

Jirani alinikuta uani napuliza mkaa. "Digrii yote ile, kumbe ulisomea uhunzi?"

Hapo ndipo ninapogombana na sisi wasomi. Mafundi chuma wako Gerezani. Wajalidi wa tasnifu wako jiji hilihili, wanakatia wembe na kulalamika kuwa vifaa hakuna. Kinachokosekana ni mtu wa kuchora kisu kwenye karatasi, akampelekea fundi na kusema: huku bapa, huku nyuzi 20. Tunaijua kalamu, tunavijua vitabu, lakini tunaona aibu kusimama kwenye moshi.

Kamusi nimeishona upya, ina jalada la ngozi lililopinda kidogo. Penseli ya baba haikurudi. Sasa nataka kutengeneza kisu cha kupunguzia kurasa, kirefu zaidi, maana karatasi nyingi zina chaki ndani yake na zinamaliza makali upesi.

Kwa hiyo, mwenye tupa kuukuu asiitupe. Anipe mimi.