Wachimbaji wa Wales wameimbiwa. Na sisi?



Tumesikia albumu ya Public Service Broadcasting, kikundi cha rock cha London. Inaitwa Every Valley, ilitoka tarehe 7 mwezi wa saba mwaka wa 2017. Ni rock ya namna wengine wanaita progresifu: nyimbo 11, lakini habari ni moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Na ile habari ni ya mugodi.

Mu albumu yao ya 2015, The Race for Space, walisimulia Warusi na Wamarekani wenye kupanda mbinguni. Ilikuwa muziki ya furaha. Safari hii wameshuka chini ya udongo, ku Wales, kwa watu wa makaa ya mawe. Walienda kurekodi kule kule, mu muji wa Ebbw Vale. Wengi watasema ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Kwa kucheza, ndiyo. Kwa kusikia na moyo, hii inaipita mbali.

Juu ya nini? Juu wanaachia wenyewe wa kazi waseme. Wanakamata sauti za filamu za zamani, wanaziweka katikati ya gitaa na ngoma. Mu wimbo mumoja, tangazo linaita vijana waje kazini, juu watu watahitaji makaa siku zote. Mbele kidogo inafika greve. Ile greve ilianza mwezi wa tatu 1984, ikaisha mwezi wa tatu 1985, wachimbaji wakarudia kazi mikono mitupu. Kisha migodi ikafungwa mumoja mumoja. Ule wa mwisho wa chini kabisa mu Uingereza, Kellingley, ulifungwa 2015. Ile "siku zote" njo iliishia pale.

Sisi pia leo tunaambiwa: dunia itahitaji kobalti siku zote, juu ya batri za motokari. Muzee mwenye aliacha kazi mu départs volontaires ya 2003 akisikia vile, anacheka tu.

Wimbo tuliopenda zaidi ni ule wa bamama, They Gave Me a Lamp. Wake wa wachimbaji wanasimulia namna greve iliwatosha jikoni, wakaanza kusema mbele ya watu.

Kosa tunaliona moja: hakuna wimbo muzima wa wafu. Ku Senghenydd, Wales ile ile, mwaka 1913, wachimbaji 439 walikufa mu mulipuko mumoja. Mutu wa mugodi hawezi kusikia albumu hii bila kuuliza: wale wako wapi?

Albumu inaisha na kwaya ya wanaume ya kule kule. Tulinyamaza wote.

Lakini tufikiri vizuri. Ba-musicien hawa walipata zile sauti juu kuna mutu alizichunga. Huku kwetu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, bazee wanaenda mumoja mumoja, na habari zao zinaenda nao. Hatuna haja ya kungojea kikundi cha London. Mutoto yako ana telefone: mangaribi ya leo akae karibu na babu, amuulize siku yake ya kwanza chini ilikuwa namna gani, aachie telefone irekodi. Muziki itakuja nyuma. Sauti ikishapotea, hairudi.