Hema Bofa, na Njia ya Pwani Iko Wapi?

Vijana wa mijini siku hizi hufunga hema wakaenda Bofa, Kilifi, kulala karibu na bahari. Ni jambo jema. Lakini hapana budi tuulize: mchanga ule ni wa nani?

Katiba ya 2010, Ibara ya 62, yasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Basi ufuo si wa hoteli wala wa mwenye jumba. Taabu iko juu yake: viwanja vimepakana, kuta zimepanda, na ufuo usio na kichochoro cha kuufikia ni kisima kisicho na kamba. Aumiaye kwanza ni mvuvi na mama mchuuzi wa samaki.

Mgeni naye ana wajibu. Akipiga hema mchangani, maji ya bamvua yatamfuata. Akipiga juu, pana mwenyewe, aombe ruhusa. Na akipanda bara hadi Kaya Kauma, mojawapo ya misitu iliyotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, asiingie bila wazee. Kaya si mahali pa kambi.

Wakubwa wa ardhi na kaunti wazipime njia za pwani mapema, kabla ukuta wa mwisho haujasimama.