Betri mbovu za Segese ziuzwe nzima

KATIKA ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, kila penye pikipiki, lori, jenereta na taa za nishati ya jua hapakosi betri iliyokufa. Segese, katika Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, nayo imo katika hesabu hiyo. Mkusanyaji wa chakavu anayezirundika uani huanza kujiuliza kama hawezi kupata zaidi kwa kuzipasua, kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo na kutengeneza bidhaa mwenyewe.

Bidhaa zenyewe zipo. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanahitaji chubwi za nyavu. Wazamiaji wa Zanzibar na Mafia nao huvaa mikanda ya uzito ili waweze kushuka majini, kwa sababu mwili na nguo ya mpira huelea. Zamani mkanda huo ulibeba vipande vigumu vya risasi tu, vinavyoumiza nyonga na kuvunja vidole vya mguu vikimponyoka mtu. Siku hizi wengi hupendelea vifuko laini vya kitambaa vilivyojazwa punje za risasi, ambavyo hujikunja kufuata kiuno. Kifuko hicho ni rahisi kukishona nyumbani, na ndiyo maana wazo la kuyeyusha betri linavutia. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu.

Tatizo ni hesabu. Betri ya gari yenye kilo 15 ina takriban kilo 9 za risasi, lakini sehemu kubwa ya hiyo si chuma kitupu. Ni ule uji mzito wa kijivu uliopakwa kwenye sahani za ndani, ambao jiko la mkaa haliutoi kitu. Unahitaji tanuri la kiwandani. Anayeyeyusha uani huambulia sahani na vichwa vya betri, yaani chini ya nusu ya risasi yote. Uji unaobaki, ambao mnunuzi wa betri nzima huulipia kwa kilo kama sehemu nyingine zote, yeye anaumwaga nyuma ya nyumba. Kwa maneno mengine, anatupa nusu ya mtaji wake na kuiita faida. Mwaka 2024 bei ya risasi katika soko la London ilizunguka dola 2,000 za Marekani kwa tani, yaani kama dola 2 kwa kilo. Hiyo si bei inayoruhusu mtu kumwaga nusu.

Aidha, kilichomwagwa hakiondoki. Moshi na vumbi la risasi huingia katika damu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Tuzo hiyo ilitenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2023 na kurejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Wachimbaji wadogo wana mfano ulio karibu zaidi na kazi yao: mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto wasiopungua 400 walikufa baada ya mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi kusagwa majumbani. Mwenye ua wa chakavu hana wakili wa kumtetea kwa bilioni, na watoto wanaocheza uani ni wake.

Je, biashara ya vifuko basi ifutwe? Hapana. Ila faida yake haiko kwenye risasi, iko kwenye cherehani. Kifuko kizuri ni cha nailoni nzito, kimeshonwa mara mbili kwa uzi wa nailoni, kina matundu ya kutolea maji, na hakijazwi hadi kikakakamaa. Kikiuzwa kitupu hakina uzito wa kusumbua na husafiri kama kifurushi cha kawaida cha basi. Kikiuzwa kimejaa, nauli ya mzigo inamla muuzaji kabla hajafika Mwanza.

Mnunuzi atajaza nini? Mchanga haufai sana. Ndani ya maji ya chumvi kilo moja ya risasi hupoteza asilimia 9 tu ya uzito wake, lakini kilo moja ya mchanga hupoteza karibu asilimia 39, hivyo penye kilo 8 za risasi patahitajika karibu kilo 12 za mchanga. Chuma hupoteza asilimia 13, na kazi ile ile kitaifanya kwa kilo 8.4. Hapa ndipo Segese ina mali isiyotazamwa: gololi za beringi zilizochoka, ambazo gereji za malori huziuza kama chakavu. Gololi zitashika kutu na ni lazima zibadilishwe baada ya muda, na zikikaa karibu na dira zitaipotosha, lakini haziachi vumbi la sumu mikononi mwa anayeshona. Kifuko chenyewe kisishonewe kabisa kwenye vazi. Mzamiaji lazima aweze kufungua mkanda na kuuacha uzame peke yake.

Soko ni jembamba, na mwekezaji mdogo asidanganywe kuwa ni vinginevyo. Fundi wa Zanzibar yuko karibu na mteja kuliko wa Segese. Kwa upande wa ziwa hali ni tofauti. Taifa liliwaona wazamiaji wa uokoaji kazini Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara na mhandisi wake akatolewa akiwa hai siku mbili baadaye. Katika maji baridi mzamiaji hubeba pungufu ya kilo 2 hadi 3 kuliko baharini, kwa hiyo vifuko vya nusu kilo vya kuongeza na kupunguza ndivyo vitakavyofaa zaidi. Fundi ashone vichache, apeleke sampuli Mwanza, na asinunue jora la nailoni kabla ya oda. Betri zipimwe nzima, zikiwa na maji yake ya asidi ndani, na ziuzwe kwa mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi.