Mzazi, alama 40 za mwanao ziko wapi?

Wazazi wengi bado tuna akili ya KCPE. Tulizoea hivi: mtoto asome miaka minane, akae mtihani siku tatu, alama zitoke kwa 500, basi. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023. Sasa hesabu ni nyingine, na asiyeijua ndiye atakayeumia.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto wa Gredi ya 9 hapimwi kwa mtihani mmoja. Asilimia 20 ya matokeo yake inatoka KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine inatoka kwa tathmini za shuleni, yaani SBA, za Gredi ya 7 na ya 8. Asilimia 60 iliyobaki ndiyo KJSEA yenyewe. Kila somo hupewa kiwango, kuanzia EE1 ambayo ni pointi 8 hadi BE2 ambayo ni pointi 1. Masomo ni 9, kwa hivyo kilele ni pointi 72. Matokeo haya ndiyo yanayotumika kumpangia mtoto shule na mkondo wa masomo katika sekondari pevu.

Umeona hapo? Siku mwanao anaingia chumba cha mtihani wa Gredi ya 9, alama 40 kati ya 100 zishaamuliwa. Hata akikesha usiku kucha, hizo haziguswi.

Chukua mfano wa somo moja. Mtoto alipata 50 kwa 100 Gredi ya 6: hiyo ni 10. SBA alipata 80: hiyo ni 16. KJSEA akapata 70: hiyo ni 42. Jumla 68. Sasa toa zile 16 kwa sababu mtu fulani hakuziingiza. Mtoto yuleyule, bidii ileile, anabaki na 52.

Sisi hatupingi SBA. KCPE ilikuwa na ukatili wake: mtoto akiugua wiki ile moja, miaka minane imekwenda na maji. Kupima kazi ya mikono, miradi na mazoezi ya darasani ni jambo la haki. Lakini haki hiyo inategemea shule ina nini.

KNEC hutoa kazi za SBA kwa mtandao. Shule izipakue, ichapishe, mwalimu asimamie, asahihishe, kisha aingize alama kwa mfumo. Hapo panahitajika umeme, mtandao, karatasi, vifaa na mwalimu wa somo. Shule ya mjini itamaliza bila jasho. Je, shule ya ndani ndani huko Kwale, Tana River au Mandera? Kaskazini Mashariki, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kwa sababu ya mashambulizi. Nani anampima mtoto Sayansi pale ambapo hakuna mwalimu wa Sayansi? Nani anampima IRE pale ambapo hakuna ustadhi aliyeajiriwa? Na kuna upande wa pili: shule inayogawa alama kama njugu inamdhulumu mtoto wa shule iliyosahihisha kwa uaminifu.

Kwa hivyo mzazi, usingoje matokeo yatoke ndio uanze kulalamika. Fanya haya sasa:

1. Chukua nambari ya tathmini ya mwanao, iandike uiweke.

2. Nenda shuleni umuulize mwalimu: SBA za mwanangu zimefanywa? Zimeingizwa? Kwa kila somo, ngapi? Omba kwa maandishi.

3. Mtoto akihama shule, hakikisha rekodi zake zimehama naye. Hili hasa kwa jamii za wafugaji.

4. Ukikuta kosa, dai lirekebishwe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli zinazokuhusu. Husaidiwi, unadai haki yako.

Na kwa serikali: mzazi aonyeshwe alama za SBA kabla ya KJSEA, wakati bado kosa linaweza kurekebishwa. Alama za shule zikaguliwe, za juu na za chini. TSC ipeleke walimu pale walipopungua. Huwezi kumpima mtoto kwa kitu ambacho hukumfundisha, halafu ukamwambia amefeli.

Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi. Elimu bila kipimo cha haki ni nusu ya haki. Mzazi, wiki hii pita shuleni. Ukishatoka, mweleze na jirani yako.