Mtoto akikuuliza, "Na wewe, baba?"

Mafrateri tukienda utume parokiani, ombi hili hatulikosi: "Frateri, naomba uongee na kijana wangu, ameanza pombe." Tunaongea naye. Anatusikiliza kwa adabu, anaitikia vizuri, kisha anarudi nyumbani kwa watu ambao hawajawahi kulizungumza jambo hilo naye.

Kwa maoni yangu wazazi hawakosi maneno. Wanaogopa swali moja: "Na wewe, baba?"

Swali hilo ni halali. Tazama sherehe zetu za Kipaimara. Asubuhi mtoto amepakwa Krisma. Mchana turubai limefungwa, kreti za bia zimepangwa, na kwetu Kilimanjaro mbege nayo ipo, ile ya ndizi na ulezi. Mwenye sherehe ana miaka kumi na minne. Amekaa meza kuu na soda yake, anatazama baba na msimamizi wake wakishindwa kusimama wima wakati wa zawadi. Somo la pombe amelipata siku hiyo, tena kwa gharama kubwa.

Aristotle anasema tunakuwa wema kwa kuzoea kutenda mema, na mazoea hayo huanza utotoni. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapoandika juu ya kiasi katika kunywa, anasema vijana wanakihitaji sana. Lakini hakuishia kwao. Anawataja pia wazee, maana ndio wanaopaswa kufundisha wengine, na wahudumu wa Kanisa. (Ndugu mafrateri, na sisi tumo.)

Basi mzazi ajibu ukweli. Asiseme pombe ni ya shetani huku Jumamosi anainywa. Mtoto amesoma habari za arusi ya Kana, na Yoshua bin Sira anaisifu divai inayonywewa kwa kiasi. Aseme: "Ndiyo, mimi nakunywa. Kuna siku ilinizidi, mama yako akaumia. Wewe bado hujafika miaka 18, sheria hairuhusu kuuziwa, na ubongo wako bado unakua." Baba akisema hivyo heshima yake haipungui. Inayopungua ni ile ya baba anayekana jambo ambalo nyumba nzima inalijua.

Wakati nao una maana. Usiku ambao mtoto amerudi akinuka pombe si wa kuhubiri. Mlaze, ongeeni kesho. Na msingoje siku hiyo. Mazungumzo mafupi mkipalilia migomba au mkitoka jumuiya yanazidi kikao kimoja cha ukoo chenye wajomba wanne. Anza kwa kuuliza: wenzako wanakunywa wapi, nani anawanunulia? Mabinti waulizwe pia. Tunawasahau, kumbe wao ndio wananunuliwa kinywaji na wanaume wazima, na kinywaji hicho hakiji bure.

Tena mpe mtoto ahadi: "Ukikwama mahali, nipigie saa yoyote. Nitakufuata, na usiku huo sitafoka." Najua wapo watakaosema huko ni kumpa ruhusa ya kunywa. Sikubaliani nao. Kijana anayeogopa kupiga simu nyumbani atapanda bodaboda inayoendeshwa na mwenzake aliyelewa.

Serikali ilipiga marufuku viroba mwaka 2017, na ilifanya vema. Lakini bia inayozungushwa chini ya turubai letu haikuletwa na muuza viroba. Imeletwa na kamati ya sherehe, ambayo mara nyingi ni sisi wanajumuiya wenyewe. Kwa hiyo, wenye watoto wa Kipaimara mwaka huu, kamati itakapofika kwenye bajeti ya vinywaji, mwiteni mtoto akae. Mwulizeni yeye angependa siku yake iweje, halafu mnyamaze mpaka amalize kusema.