Bampa Yetu, Pikipiki ya Bosi

Kila anayepita kijiweni kwetu akaona pikipiki zilizofungwa bampa, taa za ziada na siti za rangi mbili, husema vijana tunachezea hela kwa mapambo. Wanasema wazazi, wanasema abiria, wanasema mabosi. Askari wa barabarani wao husema kwa kuandika. Tumechoka. Hebu atokee mtu atueleze pikipiki ilivyotoka dukani itafanyaje kazi ya Mbagala au Chanika bila kuguswa na fundi.

Kiwanda hatukilaumu. Boxer au TVS imetengenezwa vizuri kwa kazi iliyokusudiwa: dereva, abiria mmoja na kifurushi. Sisi tunabeba mama, mtoto na ndoo ya dagaa katikati. Tunabeba kreti za soda, fremu za madirisha, mbuzi, magodoro yaliyokunjwa. Na usiku daladala zikijaa tunabeba mishikaki, abiria wawili au zaidi kwa mara moja. Ndiyo, tunajua mishikaki ni kosa. Na wanaopanda wanajua, tena ndio hao wanaosema, "Kaka, sogea mbele kidogo, twende wote, tutakuongezea buku."

Kwa hiyo chombo kipya, kabla hakijala kichwa cha kwanza, kinapelekwa kwa fundi. Bampa ya kukinga miguu na injini, keria ya mzigo, shokapu ngumu za nyuma, mpira wa kuzuia tope lisimrukie abiria. Vyote hivyo vinalipwa na mtu ambaye kila siku anadaiwa hesabu ya bosi, apate asipate. Ndiyo maana tunavifunga kimoja kimoja, na pikipiki nyingi za kijiweni kwetu zina kitu kilichoanzwa kikaishia njiani.

Siti ndiyo inayosemwa kuliko vyote, basi tuanze nayo. Sponji inayokaliwa kuanzia alfajiri mpaka usiku haichelewi kulala, na kiuno cha dereva ndicho cha kwanza kupata habari. Fundi siti wetu anafanyia kazi chini ya mwembe. Anang'oa leza ya zamani, anabandika kwa gundi kipande cha sponji ngumu ya godoro, halafu anakichonga kwa jino la msumeno wa chuma mpaka upatikane mteremko wa dereva na kikalio cha abiria. Hapo ndipo ujuzi ulipo. Akiiacha juu sana, dereva mfupi miguu haifiki chini, akisimama kwenye mchanga analala na abiria wake. Akimaliza kuchonga anavuta leza mpya kwa koleo na kuipiga pini kwenye plastiki ya chini. Mshono wa katikati unapendeza kweli, lakini mvua za masika hupenya humo humo, sponji ikanywa maji, na asubuhi ya pili mtu wa ofisini anashuka suruali imelowa nyuma huku akilaani ukoo wako. Dawa yake ni karatasi ya nailoni chini ya leza. Fundi hakuambii mpaka umuulize. Ukirudi na siti iliyolowa, kwake ni kazi nyingine.

Sasa spea. Ukienda Kariakoo unawekewa mezani sproketi mbili, boksi moja, nembo moja, bei mbalimbali, na muuzaji anakuapia kuwa zote jenyuini. Mwenye hela ya kubahatisha anachukua ya juu. Sisi tunachukua ya chini, na baada ya muda mfupi meno yamepinda kama kulabu na cheni nayo inakwenda. Hapo unanunua tena, safari hii vyote viwili. Mtu asituambie tununue kitu bora mara moja; kama hela ya mara moja ingekuwepo tusingesubiri ushauri.

Na hata ile nzuri ina hesabu yake. Tunaopanda Goba na Makongo Juu huongeza meno ya sproketi ya nyuma ili chombo kivute abiria kilimani bila kukohoa. Kinavuta. Lakini ukirudi barabara ya Bagamoyo injini inapiga kelele, mwendo haupo, na mafuta yanakwenda, na bei ya mafuta yenyewe tunaisubiri kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kuna wanaotafuta nguvu kwa kutoa filta ya hewa. Hao tumewasema mpaka basi: kabureta inavuta vumbi, vumbi linakula ringi na silinda, na siku chombo kinapoanza kutoa moshi wa bluu, ile nguvu iliyotafutwa huioni tena.

Taa nazo. Barabara nyingi za kwetu usiku hazina taa, na shimo halijitangazi. Mtu anafunga taa mbili za LED, anaongeza chaja ya simu kwa sababu bila simu hupati wateja wa kwenye programu, kisha mdogo wetu mmoja akaongeza na spika. Betri ni ile ile ndogo ya volti 12. Asubuhi unapiga kiki mpaka jasho. Na mafundi wa kuchomelea, jamani! Unampelekea keria aiunge, anaweka moto bila kufungua waya wa betri, jioni sidiai (CDI) imekufa na yeye anakutazama usoni anasema, "Mdogo wangu, hii ulikuja nayo hivi hivi."

Ukiyavuka hayo unakutana na afande. Tunashukuru, mwaka 2021 faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Neno la kuangalia hapo ni "kwa kosa". Pikipiki iliyoguswa na fundi haikosi la kuongezewa: taa zinaumiza macho ya wenzako, sawa, hilo tunalikubali, zielekezwe chini. Vioo vidogo, sawa. Lakini kijana aliyepiga rangi tangi lililokuwa limekula kutu anaambiwa rangi haifanani na iliyoandikwa kwenye kadi. Kadi anayo bosi. Kubadilisha kilichoandikwa humo si kazi ya dereva, na bosi hapokei simu kabla ya saa nne.

Na bosi ndiye kidonda chenyewe. Siku ya kukabidhiana anasema, "Kijana wangu, chombo kitunze kama chako." Tunakitunza. Tunafunga bampa kwa hela zetu, na bampa hiyo imeshaokoa kifuniko cha injini yake mara nyingi kuliko anavyojua, maana tukianguka kidogo tunainuka wenyewe bila kumpigia. Halafu mkataba unavunjika katikati, kwa kuugua, kwa kufiwa, kwa hesabu za wiki moja zilizokwama wakati wa mvua. Anakuja kuchukua pikipiki. Unamwambia, mzee, bampa, siti na shokapu ni vyangu, nipe angalau nusu. Anajibu kwamba yeye alitoa pikipiki na anachukua pikipiki, na kama unataka bampa, fungua. Bampa imechomelewa. Shokapu za zamani uliziuza kwa watu wa vyuma chakavu ili upate hela ya kuongezea kwenye hizi. Wiki ijayo unaiona stendi ya pili, bosi amempa kijana mwingine na kupandisha hesabu kwa sababu chombo, anasema, "kimekamilika."

Tumeomba mkataba uwe na mstari mmoja tu: kilichofungwa na dereva kiandikwe, na bei yake, kikatwe kwenye deni akirudisha. Mabosi wawili wamekubali. Wengine wanasema tukianza kuandikiana bampa, kesho tutataka kuandika mpaka stika.

Na stika tutaandika.