Mkulima naye ana siku ya kustaafu

Mtumishi wa serikali akifikisha miaka 60 hustaafu na pensheni yake. Mkulima wa kahawa au muuza nyanya mwili ukichoka hana anachosubiri mwisho wa mwezi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, Bara bado. Matibabu bila malipo yamo katika Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, lakini dawa ya shinikizo la damu ikikosekana zahanati, mzee huinunua dukani, tena kila mwezi. Wengi hugawa shamba lote mapema, kisha huwaomba watoto nauli ya kliniki. Heri kubakiza ekari moja, na bei ikiwa nzuri kuchangia NSSF, ambayo husajili pia waliojiajiri, wakulima wakiwemo.